Shelisheli na Hesabu ya Walioshindwa

Mwaka 1974 wapiga kura wa Shelisheli, wakati huo koloni la Uingereza lenye watu takribani elfu sitini, walichagua baraza la kutunga sheria lenye viti 15 vya kugombewa. Chama cha DP cha wakili James Mancham kilipata asilimia 52 ya kura. Chama cha SPUP cha wakili mwenzake, France-Albert René, kilipata karibu asilimia 48. Viti vilipohesabiwa, DP ilikuwa na 13 na SPUP ikaambulia viwili.

Kwa maoni yangu, hakuna tarakimu zinazoifafanua historia ya katiba za nchi hiyo vizuri kuliko hizo. Shelisheli imekuwa na katiba tatu tangu ipate uhuru: ya 1976, ya 1979 na ya 1993. Wenyewe huzungumzia Jamhuri ya Kwanza, ya Pili na ya Tatu. Wanaosimulia historia hiyo hupenda kuisimulia kama ugomvi wa wanaume wawili, Mancham mpenda starehe na watalii, René mjamaa mkimya. Ugomvi huo ulikuwepo na uligharimu mengi. Lakini chini yake kulikuwa na swali ambalo kila katiba ililijibu kwa namna yake: karibu nusu ya wananchi inaposhindwa uchaguzi kwa kura chache, inabaki na nini?

Kwa wasomaji wa pwani yetu visiwa hivi si vigeni. Havikuwa na wenyeji mpaka Wafaransa walipoanza kukaa huko mwaka 1770 pamoja na watumwa wao, na wengi wa Waafrika waliopelekwa huko baadaye, watumwa na wale waliokombolewa baharini na manowari za Uingereza, walitoka upande huu wa Afrika Mashariki. Halafu Waingereza wakavigeuza kuwa mahali pa kuwatupa wafalme wasiotakiwa. Kabaka Mwanga wa Buganda na Mukama Kabalega wa Bunyoro walipelekwa huko baada ya kukamatwa mwaka 1899, na Mwanga akafia huko. Sayyid Khalid bin Barghash wa Unguja naye alionja uhamisho wa huko kabla ya kurudishwa na kufia Mombasa mwaka 1927. Nchi iliyokuwa ikipokea wahamishwa ilikuja kuwahamisha wananchi wake yenyewe, na jambo hilo limeacha alama katika katiba inayotumika leo.

Katiba ya kwanza ilisukwa London. Vikao vilifanyika mwaka 1975 na tena Januari 1976, na kila aliyekaa mezani alijua kwamba baraza lenye viti 13 kwa viwili haliwezi kuibeba nchi hadi uhuru. Ufumbuzi uliopatikana ulikuwa wa kuongeza viti: kila chama kilipewa wajumbe watano wa kuteuliwa, uwiano ukawa 18 kwa saba. Mancham akawa rais, René akawa waziri mkuu, na tarehe 29 Juni 1976 bendera ikapandishwa. Siku hiyohiyo visiwa vya Aldabra, Farquhar na Desroches, ambavyo Uingereza ilivimega mwaka 1965 na kuviunganisha na Chagos kuwa eneo lake jipya, vilirudishwa kwa wenyewe. Mauritius, iliyonyang'anywa Chagos kwa amri ileile, haikuwa na bahati hiyo. Naamini ndiyo sababu katiba ya sasa ya Shelisheli inataja visiwa vya nchi kimoja kimoja kwa majina katika jedwali lake la kwanza. Waliowahi kupokonywa hawaachi mipaka yao ielezwe kwa maneno ya jumla.

Serikali ya pamoja ilionekana nzuri, na watu wengi waliishangilia. Tatizo ni kwamba ilitegemea urafiki wa viongozi wawili ambao hawakuwa marafiki. Utaratibu wa uchaguzi uliowapa asilimia 48 ya wananchi viti viwili uliachwa vilevile. Hakuna aliyeugusa. Viti vya kuteuliwa vilifunika kidonda, na chini yake kidonda kiliendelea.

Mwaka haukuisha. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Juni 1977, Mancham akiwa London kwa mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Madola, wafuasi wa SPUP wapatao sitini waliteka kituo cha polisi na maeneo muhimu ya Mahé, na René akaapishwa kuwa rais. Hapa ndipo Tanzania inapoingia katika habari hii, na haifai kupita kando. Waasi hao walikuwa wamepata mafunzo Tanzania. Baadaye askari wa Tanzania waliwekwa visiwani kumlinda René: walikuwepo mwezi Novemba 1981 mamluki wa Mike Hoare walipotua uwanja wa ndege wa Mahé wakijifanya wanywaji wa bia waliobeba vichezeo vya watoto, na walisaidia kuzima maasi ya wanajeshi wa Shelisheli wenyewe mwezi Agosti 1982. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona inamsaidia mjamaa mwenzake dhidi ya mabeberu na makaburu, na kwa suala la mamluki waliotokea Afrika Kusini ilikuwa na haki kabisa. Lakini katiba iliyovunjwa tarehe 5 Juni 1977 ilikuwa na umri wa siku chini ya 365, na aliyeivunja alisimama mgongoni mwetu. Historia yetu na visiwa hivyo ina sura mbili, na zote ni zetu.

René alisema Mancham alikuwa akipanga kuahirisha uchaguzi uliotarajiwa mwaka 1979. Baada ya hapo yeye mwenyewe alitawala kwa amri za rais kwa miaka miwili, kisha akatangaza katiba ya pili. Hiyo nitaipitia haraka kwa sababu muundo wake tunaujua vizuri huku kwetu: chama kimoja, SPPF, mrithi wa SPUP, kikiwa juu ya vyombo vyote vya dola, rais ambaye ni mgombea pekee, wananchi wakisema ndiyo au hapana. Mwezi Juni 1979 René alipata asilimia 98. Katika miaka hiyo shule na matibabu viliwafikia watu ambao wakoloni na Mancham walikuwa hawajawafikia, na Kikrioli kikapewa heshima shuleni na serikalini. Vilevile watu waliwekwa kizuizini bila kesi, wengine walitoweka, mashamba na nyumba vilitwaliwa, na maelfu walihama. Gérard Hoarau, kiongozi wa upinzani uhamishoni, aliuawa kwa risasi London mwezi Novemba 1985. Swali la 1974 lilipewa jibu la mkato: anayeshindwa asiwepo.

Mabadiliko ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 yangeweza kuwa mabovu. Vita Baridi vilikuwa vimekwisha, wafadhili wa Ulaya walikuwa wakidai vyama vingi, na viongozi wa Jumuiya ya Madola walikuwa wamekutana Harare Oktoba 1991 na kuahidi demokrasia mbele ya dunia. Desemba ya mwaka huo René aliwatangazia wajumbe wa chama chake kwamba vyama vingi vinarudi. Katika nchi nyingi za Afrika, mtawala aliyefika hatua hiyo alirekebisha ibara mbili tatu, akaitisha uchaguzi haraka na kushinda. Shelisheli ilichukua njia ndefu zaidi, na ndiyo sehemu ya habari hii inayostahili kusomwa polepole.

Bunge la chama kimoja lilipitisha sheria ya kuandaa katiba mpya. Sheria hiyo iliweka mambo mawili. La kwanza, tume ya katiba itachaguliwa na wananchi kwa kura za vyama, kila chama kikipata wajumbe kulingana na kura zake. La pili, rasimu haitakuwa katiba mpaka ipate asilimia 60 ya kura za maoni.

Julai 1992 wananchi walipiga kura. SPPF ilipata asilimia 58 na wajumbe 14. DP ya Mancham, ambaye alikuwa amerejea nyumbani Aprili ya mwaka huo baada ya miaka karibu 15 ya uhamisho, ilipata asilimia 34 na wajumbe wanane. Angalia tarakimu hizo: asilimia 34 sasa ilikuwa na zaidi ya theluthi ya meza, wakati mwaka 1974 asilimia 48 haikupata hata robo ya baraza. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi, kura za aliyeshindwa zilihesabiwa kwa uzito wake halisi.

Hata hivyo tume ilivunjika. Chama chenye wajumbe 14 kilikuwa na uwezo wa kupitisha lolote, na kilipitisha. DP ikatoka kikaoni ikisema rasimu inampa rais mamlaka makubwa mno. SPPF ikaendelea peke yake, ikamaliza kazi, ikapeleka rasimu kwa wananchi Novemba 1992. Kura za ndiyo zilikuwa asilimia 53.7.

Rasimu ikaanguka. Fikiria nguvu alizokuwa nazo René siku hiyo: jeshi lake, polisi wake, redio na televisheni ya serikali yake, na wingi wa kura mkononi. Zaidi ya nusu ya wananchi walikuwa wamekubali. Alichokuwa hana ni asilimia sita na ushei zilizotakiwa na sheria iliyopitishwa na bunge lake mwenyewe. Alikubali kwamba hazikutosha. Sina haja ya kumpamba mtu aliyeingia madarakani kwa bunduki. Waathiriwa wa utawala wake bado wapo na wana majina. Lakini uamuzi wa kutii sheria ya asilimia 60 ndio uliozaa kila kilichofuata, na ni haki kuutaja.

Januari 1993 tume ilikaa tena, safari hii vyama vyote viwili vikiwemo. Kilichobadilika ni kwamba SPPF ilijua haiwezi kufika asilimia 60 bila wafuasi wa Mancham, na Mancham alijua kwamba sasa neno lake lina bei. Vikao vilirushwa moja kwa moja kwenye televisheni. Makanisa, vyama vya kijamii na raia mmoja mmoja waliitwa kutoa maoni. Katika nchi ambayo kwa miaka 15 watu walikuwa wakinong'ona, Washelisheli waliketi sebuleni wakamwona mtu wa serikali na mtu aliyerudi uhamishoni wakibishana kwa hoja juu ya ibara moja, kisha wakaihamia nyingine. Tarehe 18 Juni 1993 rasimu ya pili ilipata karibu asilimia 74, na viongozi wote wawili wakiiunga mkono.

Msomaji wa Tanzania atakuwa ameshaiona njia tuliyopita sisi. Aprili 2014 kundi la upinzani la UKAWA lilitoka katika Bunge Maalum la Katiba. Waliobaki wakaendelea, Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa Oktoba, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haijafanyika hadi leo. Sheria yetu ilidai zaidi ya nusu ya kura Bara na zaidi ya nusu Zanzibar. Sharti hilo lina maana yake kwa Muungano, ila halikumlazimisha aliye wengi kumrudia aliyetoka. Asilimia 60 ya Shelisheli ilimlazimisha.

Katiba ya 1993 yenyewe ni andiko ambalo mtu makini anaweza kutambua mikono miwili iliyoliandika. Dibaji inamshukuru Mungu kwa uzuri wa nchi na kukiri kwamba nchi hiyo ni dhaifu na ya kipekee. Kisha inaahidi mfumo utakaomhakikishia kila Mshelisheli chakula, mavazi, makazi, elimu na afya. Ahadi hizo zina sauti ya miaka ya ujamaa. Sura ya tatu, yenye haki za binadamu zilizoandikwa kwa kirefu na mlango wa kwenda Mahakama ya Katiba, inasikika kama watu waliowahi kuogopa kugongewa usiku. Haki ya mazingira safi na salama imo katika ibara ya 38, mapema kuliko nchi nyingi. Nafasi za majaji na wasimamizi wa uchaguzi hupitia mamlaka maalumu ya uteuzi ambayo wajumbe wake hutokana na rais upande mmoja na kiongozi wa upinzani upande mwingine. Maana yake ni kwamba bila kiongozi wa upinzani, dola yenyewe inakwama. Aliyeshindwa amepewa kazi.

Kwa bunge, tume ilichanganya: wabunge 22 wa majimbo na 11 wa uwiano wa kura. Katika uchaguzi wa Julai 1993 SPPF ilichukua majimbo yote isipokuwa moja. Kwa utaratibu wa zamani upinzani ungebaki na mtu mmoja bungeni. Viti vya uwiano viliupa sauti, ndogo lakini halali.

Nguvu za utaratibu huu zilionekana vizuri mwaka 2011, katika kesi ambayo wanasheria wa Afrika Mashariki wangepaswa kuifundisha. Chama kikuu cha upinzani cha wakati huo, SNP cha padri wa Kianglikana Wavel Ramkalawan, kilisusia uchaguzi wa bunge na kuwaambia wafuasi wake waharibu kura. Karibu theluthi ya karatasi ziliharibika. Chama tawala, ambacho sasa kiliitwa Parti Lepep, kilishinda majimbo yote 25. Chama kidogo cha PDM cha David Pierre kilipata kura ambazo zilikuwa asilimia 10.9 ya kura halali, lakini asilimia 7.4 tu ukihesabu na zilizoharibika. Katiba inasema chama kinachofikisha asilimia 10 ya kura zilizopigwa kinapata kiti kimoja cha uwiano kwa kila asilimia 10. Tume ya uchaguzi ikasema kura iliyoharibika nayo imepigwa, kwa hiyo PDM haina kitu. Mahakama ya Katiba ikakubaliana na tume. Mahakama ya Rufani ikakataa: kura inayohesabika ni kura halali. Pierre akaingia bungeni peke yake upande wa pili, na kwa kuwa hakukuwa na mwingine, akawa kiongozi wa upinzani, mwenye neno katika uteuzi wa majaji. Mtu mmoja, kiti kimoja, na mashine ya katiba ikaendelea kuzunguka.

Baada ya hapo matukio yalikwenda kasi. Desemba 2015 Rais James Michel alimshinda Ramkalawan katika duru ya pili kwa kura 193. Wapinzani walikwenda mahakamani, wakashindwa, na barabara za Victoria hazikuona damu. Mwaka 2016 katiba ilirekebishwa ili rais asizidi mihula miwili badala ya mitatu. Septemba ya mwaka huo muungano wa upinzani, LDS, ulichukua bunge kwa wabunge 19 dhidi ya 14; Michel akatangaza kujiuzulu, na makamu wake Danny Faure akaongoza serikali ya chama kimoja mbele ya bunge la chama kingine. Oktoba 2020 Ramkalawan, aliyekuwa ameshindwa mara tano, akashinda kwa karibu asilimia 55, na chama kilichoingia kwa mapinduzi kikatoka kwa karatasi. Oktoba 2025 kikarudi, kwa jina la United Seychelles, Patrick Herminie akimshinda Ramkalawan duru ya pili. Wakati huohuo, tume ya ukweli na maridhiano iliyoundwa kwa sheria ya 2018 ilisikiliza watu waliobeba malalamiko ya tangu 1977, kazi ambayo wajumbe wa 1993 hawakuifanya, labda kwa sababu wangeifanya wasingekubaliana lolote.

Sifa hizi ni za haki. Lakini anayeipenda katiba hii lazima aseme pia pale ilipoachwa wazi, na pameachwa wazi palepale pa 1974.

Viti vya uwiano vya Shelisheli havirekebishi upotofu wa majimbo. Vinaongezwa juu yake, na mshindi naye anapata fungu lake. Mwaka 2020 LDS ilipata asilimia 54.8 ya kura za bunge na kuondoka na viti 25 kati ya 35, yaani zaidi ya asilimia 71. Mwaka 1998 SPPF ilikuwa imefanya zaidi ya hapo: kwa chini ya theluthi mbili ya kura ilipata 30 kati ya 34. Bungeni, theluthi mbili ndiyo funguo ya kurekebisha katiba. Kwa hiyo chama chenye kura za zaidi kidogo ya nusu kinaweza kuishika funguo hiyo peke yake, kitu ambacho tume ya 1993 ilijitahidi sana kukizuia wakati wa kuandika.

Ni kweli kwamba ibara ya 91 imeweka ulinzi. Sura ya kwanza kuhusu jamhuri yenyewe na sura ya tatu kuhusu haki haziguswi bila kura ya maoni ya asilimia 60, ileile ya 1992. Ibara ya 78, inayoeleza bunge linaundwaje, haimo katika ulinzi huo, wala jedwali la nne lenye kanuni ya asilimia 10. Na imeshaguswa: kabla ya uchaguzi wa 1998, chama tawala kilitumia wingi wake kuongeza majimbo kutoka 22 hadi 25 na kuviwekea viti vya uwiano ukomo wa kumi, kutoka 11. Mabadiliko madogo, bila kelele, yaliyofanywa na mshindi juu ya fungu la aliyeshindwa.

Nchi ambayo vyama viwili vimekwisha kupokezana serikali mara mbili ndani ya miaka mitano ina nafasi ambayo haikuwahi kuwa nayo. Kila upande umeonja kushindwa hivi karibuni, na kila upande unajua unaweza kushindwa tena mwaka 2030. Bunge likitaka, linaweza kuigeuza hesabu ya viti vya uwiano ili vifidie kile kilichopotea majimboni, kisha likaiingiza ibara ya 78 na jedwali lake katika orodha ya mambo yasiyoguswa bila asilimia 60 ya wananchi. Kuiongeza orodha hiyo kwenyewe kunahitaji kurekebisha ibara ya 91, ambayo nayo hairekebishwi bila kura ya maoni. Itabidi vyama vyote viwili viende kwa wananchi pamoja, kama vilivyofanya Juni 1993.